Umebadilisha Kanga Ngapi?

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, mkunga mzaliwa wa bara, nimeletwa pwani ya Lindi kwa barua ya kupangiwa kituo. Usiku mmoja aliletwa mama aliyejifungulia nyumbani alfajiri ya siku hiyo. Nikamsalimu, "Hujambo, mama?" Akajibu, "Sijambo, nesi." Nikauliza kama kuna tatizo, akasema amechoka tu. Mama mkwe wake, aliyesimama mlangoni, alisema maneno kadhaa ya Kimatumbi. Sikuyaelewa, wala sikuuliza maana yake. Nikaketi kuandika. Mhudumu aliyekuwa anapiga deki alisimama kidogo, akanitazama, kisha akaendelea kudeki. Nusu saa baadaye, nilipofunga daftari, ndipo akasogea. "Samahani nesi, yule bibi anasema huyu amelowesha kanga nne tangu asubuhi."

Mama yule alipona, kwa damu ya shemeji yake na kwa gari ambalo bahati nzuri siku hiyo lilikuwa na mafuta. Lakini ile nusu saa sijaisahau. Bibi alisema, kwa lugha aliyokuwa nayo. Mhudumu alisikia na akaelewa, akanyamaza kwa sababu tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumuuliza neno juu ya mgonjwa. Mzazi mwenyewe alinijibu kwa adabu, kama alivyolelewa. Habari ya kumwokoa ilikuwa ndani ya chumba kile muda wote, ikakosa njia ya kunifikia mimi niliyekuwa na ufunguo wa kabati la dawa.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaopangiwa vituo vya Kilwa na Lindi huniuliza waanzie wapi. Huwaambia waanzie hapo: neno la nani linamfikia mwenye uamuzi, na linamfikia saa ngapi. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili yao, na kwa ndugu wanaowaleta wazazi wodini.

Nani hasikiki

Marekani wanavihesabu vifo vya uzazi kwa rangi ya mtu. Takwimu za serikali yao za mwaka 2023 zilionyesha vifo 50.3 vya uzazi miongoni mwa wanawake weusi kwa kila vizazi hai 100,000, na 14.5 miongoni mwa wanawake weupe. Uingereza nako hatari ya mwanamke mweusi kufa kwa sababu za uzazi ni zaidi ya mara mbili ya mweupe. Umaskini hauelezi yote. Serena Williams, bingwa wa tenisi asiyekosa fedha wala jina, alijifungua kwa upasuaji Septemba 2017. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba pumzi zilipoanza kumwishia alimwambia nesi anahitaji kipimo cha CT na dawa ya heparini, maana alikwisha kuugua damu kuganda mapafuni. Nesi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Kipimo kilipofanyika hatimaye, mabonge ya damu yalikuwemo mapafuni. Na tangu mwaka 2004 taasisi inayokagua ubora wa hospitali za nchi hiyo ilikwisha kuonyesha kuwa, katika matukio ya vifo na majeraha ya watoto wakati wa kuzaliwa yaliyoripotiwa kwake, mawasiliano mabovu yalikuwa miongoni mwa vyanzo katika zaidi ya saba kati ya kila kumi.

Sisi hatuhesabu watu hivyo. Sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya mwaka 1967, na uamuzi wa kuliacha swali lile ulitusaidia kujenga umoja ambao ninauthamini sana. Siombi kabila lirudi kwenye fomu. Ila kisichoandikwa kwenye fomu kinaweza kuwa kinasemwa kwenye korido. Kilwa Kivinje ya karne ya 19, bandari ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, iliwapanga watu kwa kuitana mwungwana na mshenzi, na neno la kila mmoja lilikuwa na uzito wa jina lake. Majina hayo leo hayatumiki tena kuwapanga watu, ila desturi ya kupima neno kwa asili ya aliyelisema nimeiona kwa macho yangu, pande zote. Mwenyeji humdharau mfugaji. Mtumishi aliyetoka bara huwaona wenyeji wavivu na washirikina. Mtu wa kisiwani huambiwa amechelewa makusudi.

Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa bonde la Usangu walielekezwa mikoa ya Pwani na Lindi, na Kilwa ikawapokea Wasukuma na Wabarbaig pamoja na ng'ombe wao. Ugomvi wa mashamba na malisho uliofuata unajulikana. Kinachozungumzwa kwa nadra ni kwamba wake na binti wa kaya hizo nao hushika mimba, na hufika leba wakiwa na Kiswahili cha kuombea maji tu, katikati ya watu ambao wiki iliyopita waligombana na waume zao. Nimewahi kusikia makabidhiano ya zamu ambamo kila mzazi alitajwa kwa jina, isipokuwa mmoja: "Mmang'ati wa kitanda cha nne." Jina hilo, wanaloitwa Wabarbaig, asili yake ni neno la Kimaasai lenye maana ya maadui. Zamu nzima ilipokea mgonjwa aliyekwisha kuitwa adui.

Takwimu tulizonazo zinapimwa kwa njia nyingine: umbali. Katika sensa ya kaya zipatazo 226,000 iliyofanywa na watafiti mwaka 2007 katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, vifo vitokanavyo moja kwa moja na uzazi vilikuwa 111 kwa vizazi hai 100,000 kwa wanawake wanaoishi ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali, na 422 kwa wanaoishi zaidi ya kilomita 35. Tangu hapo nchi imepiga hatua kubwa: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 kwa vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya utafiti wa 2015 na 2016. Nafurahia kila namba katika hizo. Lakini mama wa kilomita 40 hachelewi kwa sababu ya barabara peke yake. Huyo ndiye pia mwenye lafudhi ngeni, asiye na ndugu wala jamaa hospitalini, anayeona haya kuuliza mara ya pili. Akishafika, barabara imekwisha, na safari iliyobaki ni ya neno lake kutoka kitandani hadi kwa daktari.

Salamu isiwe kipimo

Anza na salamu yenyewe. Huku pwani, na kwingineko katika Uswahili, mtu huulizwa hujambo akajibu sijambo hata akiwa na homa. Ni adabu, na adabu hiyo ni njema. Kosa ni la mkunga anayeichukua kama majibu ya uchunguzi. Msalimie mzazi kwa heshima kamili. Akiwa amekuzidi umri mpe shikamoo, usimwite "wewe mama" kwa sauti ya kufukuza kuku. Halafu uliza maswali yenye kitu cha kushikika. Umebadilisha kanga ngapi tangu asubuhi? Kanga hiyo imelowa yote au nusu? Mara ya mwisho kukojoa ilikuwa kabla ya adhuhuri au baada? Mtoto alicheza lini? Ukimtazama mtu aliyesimama mlangoni, unamwona mmoja au wawili?

Swali la kanga ni zuri kwa sababu mama wa Kilwa Kisiwani, wa Njinjo na wa boma la mfugaji wote wanaweza kulijibu, hata kwa vidole. Jicho la mtumishi hudanganya. Tunapunguza damu tunayoiona, na weupe wa kiganja au wa ufizi tunausoma kwa haraka. Hata alama za Apgar, zilizotungwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950, zinaitaka rangi ya mtoto iwe ya waridi mwili mzima, sifa ambayo haikuwekwa kwa kuwafikiria watoto wetu. Kwa hiyo tazama ulimi, midomo na viganja vyake. Pale kipimo kinapopatikana, kitumie. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 kutoka hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliohusisha wanawake zaidi ya 200,000, ulitumia mfuko wenye mistari ya vipimo unaowekwa chini ya mzazi, pamoja na matibabu yote yanayotolewa kwa pamoja mara damu inapozidi. Matokeo mabaya ya kuvuja damu nyingi yalipungua kwa asilimia 60. Mstari wa mililita 500 unasomwa na daktari, na mwanafunzi wa ukunga, na mhudumu. Haubishaniwi kwa cheo.

N nne

Nyambizi za jeshi la Marekani zilikuwa na utaratibu wa kutoa taarifa fupi kwa mpangilio uleule kila mara, na hospitali zikauiga. Mimi niliwafundisha wenzangu kwa Kiswahili, nikauita N nne: Nani, Nini, Naonaje, Naomba. Hauhitaji semina ya siku tano. Uandike kwa kalamu nene juu ya karatasi, uubandike karibu na simu.

Chukua mkunga wa zahanati ya mbali, tuseme upande wa Nanjirinji, anayeipigia Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga pale Kivinje. Mazoea ni kusema, "Nina mgonjwa wenu hapa, hali yake siyo nzuri, tunamleta." Anayepokea hajapata kitu. Kwa N nne atasema hivi: "Nani: binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, wiki 36, anazungumza Kisukuma, Kiswahili kidogo, yuko na wifi yake. Nini: kichwa kinamuuma tangu jana, anaona ukungu, presha 170 kwa 115. Naonaje: naona yuko karibu kupata kifafa cha mimba; nimempa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti saa nne na robo. Naomba: gari sasa, na daktari amsubiri mapokezi pamoja na mtu anayejua Kisukuma."

Tazama lugha ilipowekwa. Iko ndani ya Nani, pamoja na umri, kwa kuwa ni sehemu ya hali ya mgonjwa kama ilivyo presha. Kabila halikutajwa, wala halihitajiki. Ukiandika lugha, kijiji, aliyemsindikiza na saa aliyofika, utakuwa na kila unachohitaji kumhudumia, na mwisho wa mwaka utaweza kuona kama wanaotoka mahali fulani ndio wanaosubiri zaidi.

Naonaje ndiyo N inayowashinda wengi. Muuguzi kijana hutaja namba zote kisha hunyamaza, akiogopa kuonekana anamfanyia daktari kazi yake. Waganga wafawidhi, naomba mlibebe hili ninyi: mkipigiwa simu isiyo na Naonaje, ulizeni, "Wewe unaonaje, dada?" Ulizeni kwa upole na msubiri jibu. Baada ya mara tatu hatahitaji kuulizwa.

Na agizo likitoka, lirudiwe. Mabaharia wetu wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Nahodha akisema tua tanga, aliye kwenye kamba huitikia kabla mkono haujavuta, maana kwenye upepo neno hupotea. Leba nayo ina upepo wake: kilio, simu, ndugu dirishani. Daktari akisema oksitosini yuniti kumi kwenye msuli, anayechoma aseme, "Oksitosini yuniti kumi kwenye msuli, nachoma." Akimaliza aseme amechoma, na saa ngapi. Msilione kuwa jambo la kitoto.

"Tumtazame tena"

Tumelelewa kumheshimu mkubwa, na ndani ya wodi mkubwa ni daktari, kisha muuguzi kiongozi, kisha mkunga wa siku nyingi. Mhudumu wa usafi yuko mwisho, na mara nyingi ndiye pekee aliyezaliwa kijijini hapo. Kumwambia kijana wa kazi ya kwanza amwambie bosi wake "umekosea" ni kumwomba jambo ambalo hatalifanya. Tafuteni neno ambalo adabu zetu zinaliruhusu. Sisi tulitumia "tumtazame tena". Halimtuhumu mtu, na lina "tu" inayomweka msemaji na anayeambiwa upande mmoja. Masharti yake ni mawili. Yeyote anaweza kulisema, akiwemo mhudumu, mwanafunzi, mama mkwe na mzazi mwenyewe. Likisemwa, mkunga au tabibu anarudi kitandani papo hapo na kupima upya mapigo, presha, damu na mtoto, hata kama alipima dakika kumi zilizopita.

Litumieni hata pale ambapo kila kitu kiko sawa. Litasemwa mara nyingi bila sababu kubwa, na hizo ndizo siku za mazoezi. Atakayelisema akakuta mzazi hana shida ashukuriwe mbele ya wenzake. Mkimcheka mara moja tu, mmelifuta neno hilo kwa mwaka mzima.

Mhudumu pia aitwe kwenye makabidhiano ya zamu. Dakika kumi zinatosha, kitanda kwa kitanda, mbele ya mzazi, kwa sauti ambayo jirani hatasikia siri zake; kama hakuna pazia, shuka na kamba vinafanya kazi. Kila mzazi atajwe kwa jina lake. Zamu inayotoka imwulize, "Kuna kitu tumesahau kuwaambia wenzetu?" Nimeona swali hilo likitoa mambo ambayo kadi haikuwa nayo: mimba iliyoharibika mbali na hapa, mume aliyekwenda dago kuvua na hajui chochote, dawa ya mizizi iliyonywewa usiku.

Lugha ya tatu

Mfugaji anayemleta mkewe kwa kawaida ndiye anayejua Kiswahili, na tunamfanya mkalimani kwa kuwa yupo. Mshukuruni kwa kumleta, mwelezeni kila hatua, lakini msimtegemee kwa maswali yote. Kuna mambo mwanamke hatayasema kupitia kwa mumewe, na kuna majibu mume huyatoa mwenyewe bila kumuuliza. Mtoto ndiyo kabisa asitumiwe. Kila kituo kinaweza kuwa na orodha ya wanawake wanne au watano wanaozungumza Kisukuma, Kibarbaig, Kimatumbi, Kingindo, Kimwera au Kimakonde, na wamekubali kupigiwa simu hata usiku. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii watakusaidia kuwapata, na wauza maziwa gulioni pia. Simu iwekwe sauti ya wazi, kitandani. Waombe wawafundishe maneno machache ya kazi: sukuma, usisukume, vuta pumzi, inauma wapi, damu, mtoto mzima. Mkunga anayetamka maneno matano ya lugha ya mzazi, hata vibaya, huambiwa mambo ambayo mwenye shahada kubwa hataambiwa.

Bibi mkunga wa jadi naye ni shahidi wenu. Anajua chupa ilipasuka saa ngapi na uchungu ulianza lini. Akipokewa kwa karipio atasema uongo kuhusu saa, na uongo wa saa sita kwenye uchungu ni hatari kubwa. Mpe kiti. Muulize, "Bibi, amekunywa dawa ya kusukuma uchungu? Nataka kujua nisije nikamzidishia." Ukiuliza hivyo unamfanya mwenzako wa kazi.

Hivyo hivyo kwa kifafa cha mimba. Mama akitupa mikono na kukaza macho, wako watakaosema ni jini wa baharini, na watataka kombe. Sijawahi kumshinda mtu kwa kumcheka. Nilichokuwa nasema ni kwamba dua isomwe hapo nje na mimi nichome sindano humu ndani, vyote kwa wakati mmoja, ila gari lisisubiri kitu chochote. Sikumbuki familia iliyokataa.

Kupwa, kujaa na barabara

Kwenye visiwa vya Songo Songo, Songo Mnara na Kilwa Kisiwani, rufaa huanzia majini. Maji yakiwa yamekupwa, mashua hukaa juu ya mchanga, na wakati wa bamvua hupwa mbali zaidi. Kusi ikivuma, nahodha mwenye akili hataki kuvuka usiku. Kwa hiyo uamuzi wa rufaa kisiwani hauwezi kungoja hadi hali iwe mbaya, kama unavyoweza kungoja kwa mtu aliyeko Kilwa Masoko. Andikeni saa za kujaa na kupwa kwenye ubao wa wodi kila asubuhi, karibu na idadi ya wazazi, na anayepokea simu Kinyonga aziulize: "Maji yenu yako wapi sasa?" Daktari mgeni asiyejua swali hilo atasema watu wa kisiwani huchelewa.

Barabara nayo ina majira yake. Kimbunga Hidaya kilipotua Mei 2024, mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga. Kabla ya masika ya kila mwaka, Kinyonga, Hospitali ya Sokoine pale Lindi mjini na vituo vya pembeni viwe na maelewano yaliyoandikwa: nani atapokea nani, kwa njia ipi, na nani mwenye damu. Ndugu nao waishike namba 115, simu isiyolipiwa ya mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambayo humtafutia mzazi gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyeandikishwa. Mwenye kupiga aseme N nne zilezile. Mfundisheni mume. Mfundisheni na wifi, maana mume anaweza kuwa baharini.

Na ninyi ndugu, mchagueni mapema atakayekaa na mzazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mzazi awe na mwenza anayemtaka wakati wa uchungu. Asiwe mkubwa wa ukoo kwa sababu ya ukubwa tu. Awe anayeweza kusema. Kwenye unyago tulifundishwa kuvumilia, na uvumilivu huo nauheshimu, lakini leba inahitaji pia mtu asiyeona haya kusema mara mbili: "Nesi, tumtazame tena."

Mazoezi, na swali la wiki ya sita

Haya hayakai kichwani kwa kusomwa. Mpango wa Safer Births, uliofanyika katika hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, uliwafanya watumishi wafanye mazoezi mafupi ya mara kwa mara hapo hapo wodini, kwa mwanasesere, kama timu, wakitazama takwimu zao wenyewe. Katika vizazi takribani 300,000, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa kama asilimia 40, na vifo vya akina mama kwa kama asilimia 75. Kule Mnazi Mmoja, Zanzibar, wakunga na madaktari waliandika pamoja mwongozo mfupi wa mfukoni unaolingana na idadi yao halisi ya watumishi, na watoto wanaozaliwa wafu wakapungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi 1,000. Nusu saa kila Jumatano inatosha kuanza. Mwanasesere akikosekana, tumieni kanga iliyokunjwa na maji yenye rangi. Katika kila igizo mmoja aigize mzazi asiyejua Kiswahili.

Kifo au ajali ikitokea, kikao cha mapitio kisianze na nani alikuwa zamu. Kianze na swali: neno lilikwama wapi? Chora mstari wa saa, uweke kila mtu aliyejua kitu na saa aliyojua. Mara nyingi utamkuta mtu mmoja aliyejua mapema sana na hakuulizwa.

Jambo la mwisho nililijifunza kutoka Tanga. Katika mradi wa Staha, uliofanyika Korogwe na Muheza, wanawake waliohojiwa wakati wa kutoka kituoni waliosema wametendewa vibaya walikuwa kama asilimia 19. Walipohojiwa nyumbani, wiki tano hadi kumi baadaye, ilifika asilimia 28. Mlangoni mwa hospitali bado unamwogopa nesi, na pengine utamhitaji tena. Jamii na watumishi waliokaa pamoja wakaandika mkataba wa huduma waliufanya utovu wa heshima upungue sana katika eneo lao.

Kwa hiyo msimalize kazi mzazi anapotoka getini. Mhudumu wa afya wa jamii, anayejua lugha ya nyumba ile, aende wiki ya sita, akae mkekani, amshike mtoto, anywe uji akipewa. Kisha aulize: "Ulipokuwa kule, kuna jambo ulilisema halikusikika?" Anyamaze hadi ajibiwe. Ajibiwavyo aandike vivyo hivyo, kwa lugha iliyosemwa, bila jina la mama, na daftari lisomwe wodini Jumatatu kabla ya zamu kupokelewa, mhudumu wa usafi akiwepo, ili kama kuna neno la Kimatumbi atusomee yeye.